Majibu Hupewa Mwenyewe

Mimi ni karani wa mafaili, na mdomo wangu hauna breki. Hilo pale kliniki kila mtu analijua. Sasa sijui ni nani aliyeona busara kuniweka chumba kimoja na Shangazi, kama tulivyomwita wote, mwanamke aliyeishi kwa kufunga mdomo. Miaka kumi na mmoja tulikaa hivyo, mimi na rafu zangu, yeye na simu yake ya mezani.

Kazi yake ilikuwa kupiga simu. Kliniki yetu ni ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na Shangazi alimkumbusha kila mtu tarehe ya kuchukua dawa, na aliyeikosa alimtafuta. Lakini huwezi kumpigia mtu nyumbani ukataja unatoka wapi, maana simu hupokelewa na yeyote aliye karibu. Basi alikuwa na daftari, na humo kila mgonjwa alimchagulia Shangazi awe nani. Kwa huyu alikuwa katibu wa kwaya, kwa yule mwalimu wa mtoto. Dereva mmoja alisema andika hawara, kwa sababu mke wake hilo atalivumilia kuliko lile jingine. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Shangazi aliandika "hawara" kwa mwandiko wake mzuri, akageuza ukurasa.

Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wetu kabla hajawa mfanyakazi. Zamani hizo, mume wake aliambiwa majibu ya mkewe na muuguzi mmoja aliyekutana naye sokoni, hivihivi, mbele ya mafungu ya nyanya. Kufika jioni, vyombo vya Shangazi vilikuwa nje barabarani. Ndiyo maana sheria yake ilikuwa moja tu: majibu hupewa mwenyewe. Si mume, si mama, si mtoto. Mwenyewe.

Korona ilipoingia, wakatuwekea turubai uani. Wagonjwa na wafanyakazi, wote tukawa tunapimwa kila wiki mbili, kijiti puani. Daktari wetu, mwanaume mwenye kimo cha mlango, alitokwa machozi kama anayemenya vitunguu. Mimi nilimshika mpimaji mkono nikamwambia, dada, hiyo ni pua, si kisima. Foleni zilikuwa mbili, ya wafanyakazi kivulini na ya wagonjwa juani, na Shangazi akaenda kusimama juani.

"We Shangazi, njoo huku," nikamwita. "Ushujaa wa nini?"

"Kuna walioniona nikianzia huku," akasema. "Niache."

Mwanzoni kila kifo kilituuma. Halafu ikawa kazi. Majibu yalikuja baada ya siku mbili, Shangazi akapiga simu, mimi nikatoa faili. Mafaili ya waliofariki niliyaweka kwenye sanduku kando ya mlango, na sanduku lilipojaa nikaleta jingine. Hakuna aliyelia. Mchana tulikula tukizungumza habari za viatu, na nikisema tulikuwa tumekauka, simaanishi kwamba tulikuwa imara. Tulikuwa tumekauka tu.

Alhamisi moja, kwenye karatasi ya waliokutwa na korona, kulikuwa na mwalimu wa chekechea. Mgonjwa wetu kwa miaka sita, hajakosa tarehe hata moja, na kila akija lazima arekebishe tahajia ya matangazo yangu ukutani. Kwake Shangazi alikuwa muuza mashuka.

Shangazi akapiga. Aliweka spika, kwa kuwa sikio lake moja ni zito. Akapokea mwanaume.

"Halo. Ni yule mama wa mashuka? Mimi mume wake. Amelala. Anakohoa tangu juzi, na leo anasema kifua kinambana. Nimwamshe?"

Niliinuka nikapunga mikono kama mwendawazimu. Shangazi akaziba simu kwa kiganja.

"Mwambie ana korona, amkimbize hospitali," nikanong'ona. "Korona haina siri bwana!"

"Ataniuliza alipimwa wapi."

"Danganya. Sema stendi ya mabasi."

"Na akiuliza kwa nini majibu yako kwangu? Hata akimwamsha, atasimama palepale asikilize." Akaondoa kiganja. "Mwache apumzike, baba. Nitapiga baadaye."

"Kuna jambo la haraka?"

"Hapana," Shangazi akasema. "Ni mashuka tu."

Alasiri akapiga, ikaita bila kupokelewa. Ijumaa simu ilikuwa imezimwa. Jumatatu imezimwa. Na mimi niwaambie ukweli: ile namba ilikuwa kwenye faili, faili lilikuwa kwangu, na ile Alhamisi Shangazi alipotoka kwenda kunawa mikono nilikuwa peke yangu na simu kwa dakika nzima. Sikupiga. Mdomo wote huu.

Jumatano mwanaume mmoja akaja dirishani, barakoa imemshuka chini ya pua, akaweka kadi ya kliniki mbele yangu. Ilikuwa kadi ya mwalimu.

"Nimeirudisha," akasema. "Tumemzika Jumapili. Nani kati yenu ndiye wa mashuka?"

Shangazi akasimama. "Ni mimi, baba."

Mwanaume hakupaza sauti, na mimi ningependa angepaza.

"Miaka sita mnampigia. Mlifikiri mimi ni mtoto? Dawa alizificha kwenye kopo la unga, nami nikawa nahesabu vidonge akiwa kazini. Siku akisahau, namwambia nina njaa, apike uji. Akifungua kopo, anakumbuka."

"Hukumwambia kwamba unajua," Shangazi akasema.

"Hakutaka nijue. Basi sikujua." Akapandisha barakoa. "Ile Alhamisi nilikuuliza kama kuna la haraka. Gari la jirani lilikuwa mlangoni."

Najua methali ya mficha maradhi, imebandikwa hata ukutani kwetu, na siku ile niliibandua nikaichana. Walioficha ni sisi. Lakini huyo mtu hakuja kusikia methali, wala Shangazi hakujitetea. Alisema, "Nisamehe, baba," kwa sauti ileile anayotumia kuulizia tarehe, na nikajua hana nyingine iliyobaki. Mume hakusema amesamehe.

"Wewe umepimwa korona?" Shangazi akamuuliza.

"Bado."

Akampeleka turubaini, mimi nikafuata na fomu. Alipimwa bila kukunja uso, kijiti kikaingia kikatoka, akabaki kuangalia mbele. Halafu akaketi kwenye benchi, na Shangazi akamjazia karatasi. Fomu ya watu wa nje ina mstari ambao ya wagonjwa wetu haina, na Shangazi alikuwa hajawahi kuusoma kwa sauti.

"Mbali na wewe," akauliza, "majibu tumwambie nani?"

Mwanaume akafikiri.

"Alikuwa yeye tu," akasema.

Shangazi akaandika kistari, akamkabidhi mpimaji fomu, na mgonjwa aliyefuata akaketi.