Mbuzi Waliokula Maumbo ya Mwalimu Agatha

Mwalimu Agatha alizaliwa Tlawi, kule juu Mbulu, ambako watu hulala na mablanketi mawili. Serikali ikampangia shule ya msingi huko Balangdalalu, chini kwenye tambarare za Hanang. Huko akakutana na Lameck, mfanyabiashara wa ng'ombe minadani, na mwaka ule Manyara ilipomegwa kutoka Arusha, wakaoana.

Kwa Lameck hakuwa na shida. Aliyempa mawazo ni mkwewe. Mama Lameck alikuwa mfugaji tangu utotoni, mtu wa maneno machache. Yeye alizungumza Kidatooga, Agatha Kiiraqw, na Kiswahili kilikuwa cha kuazima kwa wote wawili. Asubuhi ilikuwa, "Shikamoo, mama," na "Marahaba, mwalimu," basi, mpaka jioni.

Siku moja darasa la tano likafika kwenye mada ya maumbo. Agatha alipouliza mche ni nini, watoto walijibu kwa pamoja kwamba ni mti mdogo wa kupanda. Kitabu kilikuwa kimoja na picha zake zimefifia. Kwa hiyo Jumamosi aliomba maboksi dukani, akayakata, akayagandisha kwa uji mzito: mchemraba, mche mstatili, mche duara, piramidi, na pia, ile yenye duara chini na ncha juu. Jumapili akayaanika uani, akaenda misa.

Aliporudi, mbuzi walikuwa wameyamaliza. Ilibaki piramidi, nayo imetafunwa ncha. Mama Lameck alikuwa amesimama hapo na fimbo yake.

"Mbuzi wangu wamekula kazi yako," alisema.

Agatha alikaa chini. Machozi yalikuwa karibu, lakini beberu mmoja alikuwa bado anatafuna kipande kilichoandikwa BISKUTI, akimtazama kwa utulivu kabisa, na Agatha akajikuta anacheka. Mama akaketi kando yake.

"Ilikuwa nini?"

"Maumbo, mama. Tunahesabu nyuso, kingo na pembe, halafu tunayapanga, kila moja na wenzake."

"Pembe nazijua," alisema mama. "Hata sisi ng'ombe tunawapanga kwa pembe."

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na sabuni ya kufulia, ndefu, haijakatwa. "Hii, mwenye duka anaiita mche."

Agatha aliipokea kwa mikono miwili. Miaka yote amenunua miche ya sabuni na hakuwahi kufikiria. Jioni ile wakazunguka nyumba nzima pamoja. Kopo la kahawa likawa mche duara. Boksi la kiberiti likawa mche mstatili. Mwisho mama akaleta kibuyu cha maziwa, chini kimevimba, juu kina shingo. Agatha alikigeuza, akakirudisha.

"Hiki hakimo kitabuni, mama."

"Kitabu hakina kibuyu?" Mama alishangaa kweli. Akakiweka pamoja na vingine hata hivyo.

Jumatatu alikuja shuleni mwenyewe amekibeba. Watoto wakasimama kumwamkia, naye akaketi dawati la nyuma. Wakapanga: vyenye nyuso bapa tupu huku, vyenye uso wa mviringo kule. Kibuyu kikawagawa. Helena alisema chini ni tufe, juu ni mche duara. Joakimu akasema kitu kimoja hakiwezi kuwa viwili, akakinyakua awaonyeshe.

"Taratibu," mama akasema kutoka nyuma. "Kina maziwa."

Darasa zima likacheka, na Agatha akaandika ubaoni: umbo mchanganyiko. Kengele ilipolia, wakagawana maziwa kwa kifuniko, mwalimu wa mwisho.

Tangu hapo mama hakuacha. Akipata kitu chenye sura ngeni, anakiweka kando mpaka Agatha atoke kazini: betri iliyokwisha, bonge la magadi, yai la kanga. Walibishana juu ya yai wiki nzima.

Baadaye Agatha alihamishiwa Gehandu kuwa mwalimu mkuu. Mama alikuwa ameanza kuumwa magoti, lakini siku moja akafika, nyuma ya pikipiki ya Lameck, amepakata kengele ya ng'ombe iliyofungwa kwenye kanga.

"Hii ni pia?" aliuliza kabla hata ya kushuka.

"Ni pia iliyokatwa ncha, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua." Akampa mkono amshushe, akaomba chai.