Nilimwonea rafiki yangu wivu hata kwa mafuriko yaliyobeba nyumba yao

Admin, usiweke hata herufi ya kwanza ya jina langu. Watu wa Kilosa hapa chuoni ni wachache na tunajuana mpaka wazazi. Mimi ni binti wa miaka ishirini na mbili, niko mwaka wa pili katika chuo kimoja mkoani Morogoro. Haya ninayoyaandika sijamwambia mtu, hata mama yangu.

Nina rafiki, nitamwita Zuhura ingawa si jina lake. Kwao ni Mikumi, na tunakaa chumba kimoja hosteli tangu mwaka wa kwanza. Kabila lake na langu ni watani, kwa hiyo siku ya kwanza tu alinikuta nimelala, akanivuta shuka, akauliza mtumwa wake analalaje na yeye amesimama. Toka hapo ni kutukanana mbele za watu na kula sahani moja. Mtani akikusema hununi, wote mnajua.

Tuliingia pamoja klabu ya mazingira. Kila mwaka klabu ina wiki ya tabianchi: kupanda miti, maonyesho, na siku ya mwisho wanafunzi wanasimama ukumbini kueleza jinsi mabadiliko ya tabianchi yalivyogusa kwao. Anayefanya vizuri anapelekwa Nairobi kwenye kongamano la vijana wa vyuo. Jamani, nilijituma. Udongo kwenye viriba vya miche nilijaza mimi, mabango nilitundika mimi, miche nilimwagilia mimi wiki nzima. Zuhura alikuja siku ya kupanda kavaa fulana nyeupe, akashika mche mmoja, na picha iliyowekwa kwenye ukurasa wa chuo ikawa yake. Mimi inaonekana mikono tu pembeni, imeshika ndoo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Zuhura alikuwa na la kusema. Zamani walikaa Kilosa, karibu na mto. Mafuriko yalibeba nyumba ya bibi yake na shamba lote la mahindi, bibi akafia kwenye hema walizopewa waathirika, ndipo wakahamia Mikumi kuanza upya. Huko nako tembo wakawa wanamaliza kile kidogo walicholima. Haya nayajua kwa hakika, kwa sababu likizo moja nilikwenda kwao na mama yake alinisimulia mwenyewe. Alipofika kwa bibi alishindwa kuendelea, akainuka akaingia ndani.

Sasa mimi, mtoto wa Kilosa kabisa, kwetu ni upande wa juu. Maji hayakufika hata uani. Nilikaa na kalamu siku mbili natafuta la kusema ukumbini nikakosa, nikajikuta namwonea wivu mwenzangu kwa nyumba iliyobomoka. Msinishangae. Nilitamani na sisi tungebomokewa.

Siku ilipofika nilitangulia mimi, nikaeleza habari za ukame nilizosoma tu, nikapigiwa makofi ya kunifariji. Akaja Zuhura, hana hata karatasi. Simu zikainuliwa, watu wakaanza kufuta machozi. Ulipofika muda wa maswali nikanyoosha mkono, nikapewa kipaza sauti.

"Jamani, huyu mtumwa wangu asiwalize bure," nikasema. "Mafuriko ya Kilosa kayaona kwenye simu yangu. Yeye mto anaoujua ni bomba la hosteli."

Ukumbi mzima ulicheka. Zuhura alicheka kuliko wote, akasema nitamlipa kuku kwa kumharibia msiba wake. Kila mtu aliona utani. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba nilitaka aanguke.

Ambaye hakucheka ni Madam, mlezi wa klabu. Jioni aliniita ofisini. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza kwa upole.

"Mwanangu, ule ulikuwa utani, au kuna ukweli? Nisije nikapeleka mtu Nairobi na kisa cha kuazima."

Neno moja lingetosha. Badala yake nilitazama chini, nikasema, "Madam, yule ni rafiki yangu, mimi siwezi kumsema vibaya." Akasema amenielewa. Kesho yake jina lililobandikwa kwenye ubao lilikuwa langu, ati kwa ile kazi ya miche na mabango.

Zuhura aliambiwa tu kwamba nafasi ni moja. Alinikumbatia palepale mbele ya tangazo, akasema afadhali nafasi imebaki chumbani kwetu. Lakini klabu haji tena. Wanafunzi wakipishana naye wanamwita Mafuriko ya Simu, naye anacheka, ila kicheko chake nakijua na hicho sicho. Kumbe wapo walioanza kuamini.

Juzi alirudi kutoka Mikumi, akaniletea picha ya karatasi, moja tu waliyobaki nayo. Bibi yake kakaa mlangoni mwa ile nyumba, anamenya kunde. Mama yake ameitoa kwenye fremu kwa mkono wake.

"Mama anasema uende nayo," akaniambia. "Watu wa kule wamwone bibi. Ukisema wewe ni sawa na nimesema mimi."

Safari ni wiki ijayo. Nikimwambia Zuhura nampoteza, na yule mama pia. Nikimwambia Madam nimekwisha hapa chuoni. Nikinyamaza, nitasimama mbele ya wageni nimemshika mkononi bibi wa mtu niliyemfanya aonekane mwongo. Na wivu wenyewe haujaisha, ndugu zangu. Aliponikabidhi ile picha, kabla hata sijaona aibu, nilichowaza kwanza ni kwamba hata kwa wema kanishinda.

Nisemeni mnavyotaka, nimestahili. Ila niambieni nianzie mlango wa nani, wa Zuhura au wa Madam, maana Zuhura hivi sasa yuko hapa chumbani, ananipigia pasi nguo za safari.