Waiyego na pedali iliyotetemesha kanisa

Saa tatu asubuhi, baridi ya Eldoret bado inauma vidole, na Waiyego Mungai, fundi wa redio, ameinamia kibandani mwake kisanduku cha chuma ambacho rangi yake imekwisha kwa kukanyagwa. Chuma cha kulehemu kinafuka moshi mkononi mwake. Mbele yake amesimama Wabuge, mpiga gitaa la besi wa kanisa moja la mtaa wa Kimumu, mikono mifukoni, kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Mama, Sunday hii isingurume tena," anasema. "Pastor ananiangalia vibaya wiki mzima."

Waiyego anapuliza moshi na kuinama zaidi. Anajua kosa ni lake.

Kisanduku hicho ni pedali, kifaa ambacho mpiga gitaa hukanyaga ili sauti ibadilike. Kiliundwa zamani kwa gitaa la kawaida, na ukikichomeka kwenye besi kinameza noti zote za chini. Wabuge alikinunua kikiwa kibovu, akamletea Waiyego akifufue na kukifanya kifae kwa besi.

Kukifufua hakukumsumbua, waya mmoja tu ulikuwa umekatika. Kazi ilikuwa kubadilisha kapasita, kijidude kisichozidi punje ya haragwe, kinachoamua sauti ipi ipite. Akaweka kubwa kidogo, hakusikia tofauti. Akaweka kubwa zaidi. Na zaidi.

"Nilikuwa najaribu na spika ya redio," anasema mama huyu wa miaka hamsini na miwili, akicheka kwa aibu. "Kaspika kadogo kama sosa! Besi itatoka wapi? Nikadhani bado haijafika, kumbe imepita."

Ilipita kweli. Jumapili, wimbo wa kwanza tu, vioo vya madirisha vikaanza kulia na mchungaji akainua mkono. Ibada iliendelea bila Wabuge. Mpiga kinanda akajazia besi kwa mkono wa kushoto.

Aibu hiyo ilimjia Waiyego wakati mbaya. Miaka kumi iliyopita alitengeneza redio sita kwa siku. Sasa akipata mbili kwa wiki anashukuru, maana watu husikiliza habari kwenye simu. Ufundi wenyewe aliuiba kwa macho, akiwa karani katika duka la redio: mafundi walipokwenda kula, yeye alifungua walichokifunga. Kaka yake, Stephen, amempatia nafasi ya kuuza nafaka katika soko la Cheptiret, na anataka jibu leo. Vifaa vya wanamuziki vilikuwa tumaini lake la mwisho la kubaki fundi.

Maji yakimwagika hayazoleki; kapasita, kwa bahati, hutoka. Safari hii amekataa kubahatisha. Amemwagiza Wabuge alete amplifaya yake mwenyewe, yenye spika kubwa ya besi, nayo imefika kwa mkokoteni.

Kapasita ndogo kuliko ile ya Jumapili inashika. Wabuge anakanyaga pedali, anapiga waya mnene wa gitaa lake. Sauti inatoka nzito na safi, na meza haitikisiki. Anapiga tena, kisha anasahau alipo na kuendelea na wimbo mzima. Nanzala, muuza mitumba wa kibanda jirani, anaacha kukunja suruali na kuanza kucheza.

"Ndio hiyo!" Wabuge anapaza sauti. "Fundi, sasa ndio hiyo!"

Macho ya Waiyego yamelowa, wala hayafichi. Anajipangusa mikono kwenye aproni na kuchukua simu.

"Stephen, asante sana ndugu yangu. Lakini hiyo nafasi ya Cheptiret patia mtu mwingine."

Anasikiliza, kisha anacheka.

"Pesa? Bado. Lakini ukikuja huku, beba ile spika yako kubwa ya sitting room. Wewe unasikilizia mpira tu, mimi niko na besi ya kujaribu nayo."