Mwito wa Mkwezi wa Kinjumbi

Basi jamani, mwaka ule wa vita vya Maji Maji, Abdurahmani mkwezi alipanda mnazi pale Kinjumbi kukata makuti makavu. Kama ilivyo desturi, akaita ili wanawake wa nyua za jirani wajisitiri: "Mkwezi juu! Mkwezi juu!"

Askari wa Mdachi aliyekuwa akipita akamwelekezea bunduki. "Unawaita waasi! Shuka!"

Abdurahmani akaganda kule juu.

Kutoka ua wa jirani, Bi Mwanaheri akapaza sauti: "We askari, ananiita mimi! Naoga! Au wataka nitoke hivi hivi uhakikishe?"

Askari akashusha bunduki, akaenda zake akitazama chini.

Abdurahmani akamaliza mnazi ule, akausogelea wa pili. Kupanda kimya ni aibu, kuita anaogopa. Akabaki chini, kakumbatia shina, macho njiani.