Jina la Sita

Zipora Masalu alikuwa mwalimu mkuu mjini Shinyanga kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwona akitoka nyumbani na nguo isiyopigwa pasi. Mumewe, Onesmo Nkwabi, bwana shamba wa pamba, alitunzwa vivyo hivyo. Kila shati lake jeupe lilidariziwa herufi mbili mfukoni, O.N., kwa uzi wa bluu. "Nguo ijulikane ni ya nani," Zipora alizoea kusema, "na mtu naye ajulikane ni wa nani."

Onesmo alipostaafu alisema amepata shamba la mpunga Geita. Alikwenda na kurudi kwa miaka mitatu, kucha zimesuguliwa, mashati yamefuliwa, na Zipora hakuuliza mbona haji na hata debe moja la mpunga. Kisha likatitia duara, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu linaloshikiliwa kwa magogo, likafukia watu tisa. Bwana shamba alikuwa mmoja wao, na nyundo yake.

Zipora alimleta Shinyanga ndani ya jeneza lililopigwa misumari. Kanisani alisimama mwenyewe, mgongo wima, akasema mumewe alianguka ghafla kwa presha. Binti yao, Loveness, alilia hadi sauti ikamkauka, naye aliamini kama walivyoamini wengine. Mzee wa kanisa, mtu wa vyeti na tai, afie shimoni na vijana wasio na viatu? Neno hilo lingezikwa naye.

Na kweli likazikwa, miaka minne. Kisha ikafunguliwa njia ya kupandia mlima nje ya mji wa Geita, kwa ajili ya wageni na wapenda matembezi, na karibu na kilele jabali moja likachongwa sanamu ya mchimbaji. Chini ya kifua chake yakachongwa majina tisa. Wakati huo Loveness alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kalangalala, palepale Geita mjini, mtoto wa mchungaji; na vijana wa Kalangalala hupanda mlima ule kila Jumamosi.

Zipora akaiandikia kamati ya njia barua yenye mwandiko wa ubaoni: jina la sita liliwekwa bila idhini ya familia, lifutwe. Kamati ikajibu kwamba aje mwenyewe na cheti cha ndoa. Fundi atalifuta mbele yake.

Alipanda asubuhi ya Jumanne, peke yake, cheti kikiwa kwenye bahasha ndani ya mkoba. Mishale ya rangi nyeupe ilimwongoza kati ya mawe na vichaka, viatu vya kanisani vikiteleza kwenye changarawe. Alipoinua kichwa, sanamu ilikuwa mbele yake: mwanamume anayetoka ardhini, mikono juu, kinywa wazi, kiuno bado kimo ndani ya mwamba. Yeyote aliyemtazama aliona kwamba hatatoka.

Mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti pale, na kidumu cha maji na kitambaa, akimwosha mtu wa jiwe kama anavyooshwa mgonjwa.

"Mwangaluka, mayu," mwanamke akamwamkia Kisukuma, akimwita mama.

"Habari za asubuhi," Zipora akajibu kwa Kiswahili chake cha darasani.

"Mimi Mageni. Mwanangu Jilala yumo humu. Wewe una mtu hapa?"

"Nimekuja kutembea tu."

Mageni akavitazama viatu vyake, akacheka. "Na viatu vya harusi! Haya, Mungu kakuleta, unaonekana umesoma. Nisomee majina. Kila nikipanda hukutana na watoto wenye simu; husoma mbio mbio kama wanafukuzwa."

Zipora hakujua namna ya kukataa kusoma. Kazi ile aliifanya maisha yake yote. Akavaa miwani, akaanza, taratibu, kama anayeita mahudhurio. Mageni alifuata kwa kidole, akigusa kila mstari. La tano lilikuwa Jilala. Zipora akaruka, akasoma la saba.

Kidole kikasimama.

"Mayu, umemruka mmoja."

"Nimemruka nani?"

"Jirani yake Jilala. Sijui kusoma, lakini kuhesabu najua. Majeneza yalikuwa tisa, niliyapanga mimi."

Zipora akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Onesmo Nkwabi," akasema.

"Huyo. Huyo ndiye namwosha kwanza, maana hana mtu. Ndugu zake hawajawahi kuja hapa. Mwanangu alitolewa amefungwa kichwa kwa shati la huyo mzee. Mzee mwenyewe alikuwa kifua wazi, kampakata. Waliishi humo chini kidogo, wanasema, kabla hewa haijaisha." Akakamua kitambaa. "Shati jeupe, na mfukoni limeandikwa kwa uzi wa bluu. Sijui uzi ulisema nini. Nilimzika nalo."

Zipora akauegemea mwamba. Alikumbuka alivyokuwa amegomba hospitalini kwamba wameiba shati la marehemu.

Hapo ndipo fundi alipotokea akihema, tindo na nyundo begani kwenye mfuko.

"Shikamooni! Mlima huu jamani, hata mbuzi angeomba nauli. Mimi Ayubu, nimetumwa na kamati. Mama Loveness ni yupi kati yenu? Mwenye barua ya kufuta jina?"

Mageni alitazama nyuma, kama anayemtafuta mtu wa tatu.

"Ni mimi," akasema Zipora.

Ayubu akakisoma cheti, akakilinganisha na jiwe. "Onesmo Nkwabi. Mume wako, la sita. Sawa?"

Mageni akainuka polepole, maji yakimchuruzika vidoleni.

"Kumbe alikuwa na mtu," akasema.

Zipora alingoja atukanwe. Angejua la kujibu. Akafikiria mashati kumi na mawili yaliyobaki kabatini. Akamfikiria Loveness, na mchungaji, na lile neno alilolitamka mwenyewe mbele ya madhabahu.

"Futa," akamwambia Ayubu.

Tindo ikalia kwa nusu saa. Jiwe lile lilikuwa jeusi kwa jua na mvua ya miaka isiyohesabika, lakini ndani lilikuwa jeupe, na jina lilipokwisha likabaki shimo jeupe lenye upana wa kiganja, kama kovu la moto. Lilionekana kutoka mbali. Mageni akamimina maji yaliyobaki, akaliosha vumbi, kwanza, kabla ya wengine.

Mwezi uliofuata wakwe wakaja Shinyanga. Chai ilinywewa kwa vikombe vya kioo, sala zikaombwa, wakamsifu marehemu aliyelala kwa heshima kitandani mwake. Kisha mchungaji, mtu wa mazungumzo, akasimulia mlima wa kwao.

"Kuna sanamu kule ya wachimbaji. Ajabu, jina moja limefutwa. Kila anayepanda anauliza hilohilo, mengine hawayasomi. Watu wanasema alikuwa mwizi, pengine ndiye aliyewaponza wenzake. Hafutwi mtu bure, au siyo, mama Loveness?"

Loveness alimtazama mama yake, akisubiri jibu kwa adabu, kama wageni wote.

Zipora akachukua birika, akamwongezea mchungaji chai hadi ukingoni.

"Hafutwi bure," akasema.