Nilitumwa nikamchunguze Baba yangu Vietnam, nikarudi na vipande viwili vya muhogo kwenye mkoba

Wakuu, hamjambo humu ndani? Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni wa kusoma kimyakimya, miaka nawasoma tu na kucheka peke yangu. Leo kuna jambo limenikaa kooni. Nitaandika kama lilivyokuwa, pamoja na pale panaponiaibisha mwenyewe.

Kiswahili changu ni cha Omani, kimechanganyika na Kiarabu na kile cha Bujumbura alichokuja nacho Baba. Ngeli zikinipiga chenga, msinishitaki.

Niko Ibra, ni mwalimu. Baba yuko Izki, anaishi peke yake tangu Mama alipofariki miaka mitatu iliyopita. Ana nyumba, ana bustani yake ya mitende na ndimu, ana pick-up kuukuu anayoipenda kuliko watoto wake.

Shida ilianzia kwenye hiyo pick-up.

Siku moja alitoka kwenda Firq, kwenye magereji, kuziba tairi. Kutoka Izki ni karibu tu. Baada ya saa mbili ananipigia simu yuko Bidbid, upande mwingine kabisa, penye njia panda ya kuja kwangu, na tairi bovu vilevile.

"Nilitaka kuja kukuona Ibra," akasema.

Baba, na tairi hilo? Akabadilisha mazungumzo, akaniuliza habari za shule.

Kaka yangu Hamad, anayekaa Maskati, aliposikia akapandisha hasira. Akasema khalas, basi, mzee amezeeka, anasahau. Gari liuzwe, nyumba ipangishwe, ahamie kwake ghorofa ya nne. Baba akajibu kwamba Izki atatoka akiwa amebebwa mabegani. Mwezi mzima hawakusemezana.

Na katikati ya ugomvi wao nani kawekwa? Mimi.

Sasa, Baba alipokuwa kijana Bujumbura, vita vya Vietnam alikuwa akivisikiliza kwenye redio dukani kwa baba yake, na tangu hapo anasema lazima akaione hiyo nchi. Hamad akapata wazo. Akatulipia safari ya wiki nzima, Baba na mimi. Kisha akanivuta pembeni.

"Mtazame vizuri. Ukirudi uniambie yuko sawa au hayuko sawa. Utakalosema wewe ndilo nitakalofuata, wallahi."

Yaani mimi niwe daktari, niwe jasusi, na niwe binti yake, kwa tiketi moja! Na yeye mwenyewe Izki haendi mpaka Idi. Nilikasirika, lakini nilikubali. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, liandikeni.

Sitawachosha na wiki nzima. Nawapa siku moja tu, ile ya day trip: asubuhi hekalu la Tay Ninh, mchana mahandaki ya vita ya Cu Chi. Ndiyo siku niliyotoa hukumu.

Gari dogo, watu kumi na wawili, guide anaitwa Minh, kijana mchangamfu mwenye kipaza sauti ambacho hakukihitaji hata kidogo. Kuondoka saa moja kamili asubuhi. Saa moja kamili wote wamekaa, Baba hayupo.

Anateremka ngazi za hoteli taratibu, kanzu nyeupe, kofia kichwani, chupa ya kahawa mkono huu, kopo la tende mkono huu. Akapanda na kuanza kumimina. Kila mtu kikombe chake kidogo, kila mtu tende yake, hata dereva. Minh anatazama saa, Baba anamwambia kwa Kiingereza chake cha dukani, "Drink first, my friend." Tukaondoka dakika ishirini baadaye.

Nikaandika kwenye simu yangu: *hajali muda*. Halafu nikafuta. Baba yangu hajawahi kujali muda tangu nimfahamu.

Tukapelekwa kwanza kwenye karakana ya kuchora vibao vya mapambo. Dakika arobaini! Hakuna aliyeomba. Wakuu mnaosafiri na hizi group tour mnajua huu mchezo: mahali pa kununua kuna muda tele, mahali ulipolipia kwenda kutazama unaambiwa "quick, quick".

Hekaluni tulifika ibada ya adhuhuri inaanza. Nilidhani Baba atagoma kuingia. Wapi! Akasema anaingia kama mgeni, hajaja kusali. Tukavua viatu nje, tukapandishwa ghorofani, tukatazama chini.

Ndani rangi zimewaka, nguzo zimezungukwa na madragoni, na mbele kuna jicho moja kubwa. Waumini wamevaa meupe, wamekaa chini kwa mistari.

Baba akaninong'oneza, "Safu zao zimenyooka kuliko zetu za Ijumaa."

Nilicheka mpaka mlinzi akanikodolea macho.

Tukashuka, tukarudi garini. Gari haliondoki. Nje Mzungu mmoja mrefu wa kikundi chetu yuko pekupeku, anazunguka penye viatu kama kapoteza mtoto. Mkewe analalamika. Minh anahesabu miguu yetu.

Nikatazama chini. Baba kavaa sandali za kahawia za yule Mzungu. Zinapwaya kama mitumbwi!

"Baba! Hizo si zako!"

Akaziangalia. Akatulia kidogo. Kisha akasema, bila wasiwasi wowote, "Msikitini mtu akichukua zako unachukua zilizobaki. Na yeye achukue zangu."

"Lakini Baba, zako zilikuwepo! Zile pale!"

"Basi achukue," akasema.

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Nikashuka, nikaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, nikarudisha sandali. Yule Mzungu alikuwa muungwana, mkewe hakuwa. Njia nzima anatutazama kwa kioo cha dirisha.

Lakini kilichonichoma ni kule kutulia kidogo alipoziangalia. Je, alisahau zake zikoje? Au ni mazoea ya miaka hamsini ya msikitini, ambako sandali zote sura moja na nusu ya wanaume wa Izki wanatembea na za wenzao? Sikujua. Nikaandika: *sandali*. Safari hii sikufuta.

Tulipofika Cu Chi, Baba akamwomba Minh dakika kumi, tukaswali kwenye kivuli nyuma ya maegesho, adhuhuri na alasiri pamoja, swala ya safari. Yeye mbele, mimi nyuma yake.

Na hapa ndipo penye aibu yangu, wakuu. Nilikuwa namhesabia rakaa.

Namhesabia Baba yangu rakaa, mtu aliyenifundisha kuswali! Mbili, akatoa salamu. Mbili nyingine, akatoa salamu. Sawasawa kabisa, hakukosea hata kidogo. Mimi ndiye niliyemaliza sijui kama nilisoma hata Fatiha.

Tukaingia msituni. Minh anaonyesha mitego, anaonyesha vifuniko vya mashimo, pembeni kuna sehemu watalii wanalipa kupiga bunduki za kweli, milio inakushtua kila dakika. Watu waliishi na kufia humo, na sisi tunapiga picha. Baba hakupiga. Alikuwa anatazama matundu ya hewa. Anainama, anapitisha mkono, anasogea hatua kadhaa, anatafuta tundu linalofuata.

"Hii falaj," akasema.

Kwa msioijua, falaj ni ule mfereji wa kale wa maji, sehemu kubwa unapita chini ya ardhi, na juu yake kuna visima vya kushukia. Baba alipokuja Omani ujanani, hana kitu, wenyeji wakimwita Mzinjibari wakati Unguja hajawahi hata kuiona, kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa hiyo: kushuka chini kuzibua falaj. Alikuwa mwembamba, na hakuwa na mtu wa kukataa kwa niaba yake.

Minh akauliza nani anataka kutambaa kwenye handaki la watalii. Akasema kuna njia ya kutokea kila baada ya mita kama ishirini, ukichoka unatoka.

Kabla sijafungua mdomo, Baba keshaikunja kanzu akaifunga kiunoni, kabaki na shuka yake ya ndani, sandali kamkabidhi yule Mzungu mrefu (yule yule!), na kapotea shimoni nyuma ya Minh.

Hamad kaniambia nisimtoe machoni. Nifanyeje? Nikaingia. Na abaya langu.

Msijaribu kutambaa handakini na abaya. Goti linakanyaga kitambaa, kitambaa kinavuta shingo, shingo inavuta mtandio. Joto. Taa hafifu. Ukuta unagusa mabega yote mawili. Kwenye njia ya kwanza wote walionifuata wakatoka. Nikaita, "Baba, tutoke!" Sauti yake ikanijibu kutoka mbali, mbele. Nikaendelea.

Kama mita kumi zaidi, pumzi ikakata.

Sitanii. Mbele siendi, nyuma sigeuki. Nilianza kulia kama mtoto, mwanamke wa miaka thelathini na nane, mwenye wanafunzi wanaomwogopa.

"Upo?" Baba.

"Siwezi, Baba. Siwezi."

Nikasikia anarudi kinyumenyume. Mzee wa miaka sabini na kitu, anarudi kwa magoti, taratibu, mpaka mguu wake ukanigusa mkono.

"Shika kisigino changu. Usinyanyue kichwa. Pumua kwa pua, mwanangu. Hapa pakavu, alhamdulillahi, mimi kule nilikuwa na maji mpaka kidevuni."

Nikashika. Kisigino kigumu, kimepasuka, kile kile nilichokuwa nakipaka mafuta nikiwa mdogo. Akaenda, nami nikaenda. Kila baada ya hatua anauliza, "Upo?" Nasema nipo. Njia ya pili hakutoka, alisema ngazi zake mbovu, tungojee nyingine. Tulitokea ya tatu.

Juu watu wakapiga makofi. Mzungu mrefu akamvalisha Baba sandali zake. Mimi nimekaa kwenye majani, kichwa wazi, uso tope tupu, na moyoni nasema: Hamad, ripoti yako hii hapa. Mtu huyu yuko sawa kuliko sisi sote.

Wakuu, ningeishia hapo uzi huu ungekuwa mtamu.

Mwisho wa matembezi wanawakalisha watalii kwenye meza za mbao, wanawapa chakula walichokuwa wakila wapiganaji. Nini? Muhogo! Muhogo wa kuchemsha, na karanga za kusaga za kuchovya. Wenzetu wanaugusa kwa ncha za vidole, sisi tumeuvamia. Baba uso umemng'aa. Anamweleza Minh habari za muhogo wa Bujumbura, Minh anacheka, chai inamiminwa.

Kisha Baba akachagua vipande viwili vizuri, vile vya katikati visivyo na nyuzi. Akavifunga kwenye tishu. Akanisukumia.

"Mtilie mama yako mkobani. Asije akasema tumekula peke yetu."

Milio ya bunduki kule pembeni inaendelea. Nilimtazama. Alikuwa anachovya karanga.

Ningeweza kusema, Baba, Mama hayupo. Nilisema, "Haya Baba," nikafungua mkoba, nikatia.

Garini alilala begani kwangu. Simu ikatikisika. Hamad: "Ripoti?"

Neno moja, kama bosi!

Nikamtumia voice ya dakika nne. Nikamwambia rakaa, nikamwambia falaj, nikamwambia handaki na kisigino, na kwa hasira nikamwambia pia kwamba yeye asingetambaa hata mita tano. Sandali sikuzitaja. Muhogo sikuutaja.

Akajibu: "Basi abaki Izki. Nashukuru, dada."

Mpaka leo nina hasira, na sijui namkasirikia nani. Hamad kwa kunitwisha. Baba kwa kuniharibia ripoti dakika ya mwisho. Mimi kwa kukubali kumpima mtu aliyerudi kinyumenyume gizani kunichukua.

Funzo nililopata: usikubali kutumwa ukamchunguze mzazi wako. Hutamwona mzazi, utaona makosa tu, na swala yako itapotea.

Sasa kila Alhamisi nikitoka shule nazunguka Bidbid mpaka Izki, nalala huko hadi Jumamosi. Gari naliendesha mimi, yeye anakaa pembeni ananikosoa. Namchemshia muhogo. Kila mara anatenga vipande viwili kwenye kisahani na kuvifunika. Sijamuuliza ni vya nani, naye hajaniambia.

Waliowahi kuuguza wazazi humu, nisaidieni: huko ni kusahau, au ni kukumbuka? Na Hamad nimwambie lini? Nitukaneni mkitaka, nitasoma zote.

Kesho ni Alhamisi. Muhogo nimeshanunua. Vile viwili safari hii nitavitenga mimi, kabla hajaanza kutafuta kisahani.