Tairi Bila Tyubu na Gunia la Kukhu

Nakumbuka Jumamosi moja ya msimu wa mavuno, mwanangu, nikiwa kijana wa damu moto, jinsi nyanya yangu alivyonizuia kwa swali moja tu. Mpaka leo nikiomba usiku namtaja yeye kwanza.

Tulikuwa tukikaa Shirere, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Miaka hiyo ya tisini mimi na rafiki yangu Indimuli tulikuwa na baiskeli ya gurudumu moja. Usicheke. Tuliiunda wenyewe kutoka kwa baiskeli kuukuu: gurudumu, pedali, kiti juu, basi. Usukani hakuna, breki hakuna. Tuliicheza kwenye harusi na sherehe za kanisa, na watu waliacha chai ipoe ili watutazame. Mchezo uliopendwa kuliko yote ni ule wa kumbeba mdogo wangu Muhonja mabegani. Alikuwa hajaanza hata shule, na alipunga leso huko juu kama bibi harusi.

Adui yetu alikuwa miiba. Nyua za kwetu ni za miiba, na tyubu ilitoboka kila mara mpaka ikawa viraka vitupu. Gari likipata pancha husimama, mwanangu. Gurudumu moja likipata pancha hukubwaga.

Basi Indimuli akaona gari kwenye kituo cha mafuta, msumari umezama kwenye tairi na upepo hautoki. Akaambiwa tairi za aina ile hazina tyubu. Alikuja kwangu mbio.

"Shivachi, tyubu ndiyo inatusumbuanga! Tuitoe!"

Tuliichukua tyubu ya baiskeli ya mtoto, tukaipasua kwa urefu, valvu tukaiacha mahali pake, tukaivuta juu ya rimu ili izibe matundu ya spoki. Tairi tukaivalisha juu yake. Ndani tukamimina utomvu mweupe wa mti, ule unaoganda kama mpira, ili mwiba ukiingia uzibe tundu. Kwenye mashine ya upepo pale kituoni tairi ikalia pa! pa! ikakaa kwenye rimu. Tukaidunga mwiba. Ikapumua kidogo, ikanyamaza. Tulikumbatiana barabarani, wapita njia wakatushangaa.

Alasiri hiyo hiyo mjomba wangu alikuwa akioa kule Iguhu. Nikamwita Muhonja avae gauni lake la manjano. Kukhu, yaani huyo nyanya yangu, alikuwa uani akianika mahindi. Hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake.

"Hiyo kitu umejaribisha na nani?" akaniuliza.

"Kukhu, imeshika upepo. Tumeidunga mwiba na haukutoka."

"Sijauliza nani ameidunga. Nani amekaa juu yake akabeba mzigo?"

Niliinama nikabonyeza tairi kwa kidole.

"Basi Muhonja haendi. Beba hii gunia kwanza. Mtoto si kitu ya kujaribishia."

Nilikasirika, sikufichi. Kijana mzima nizunguke mtaani na mahindi shingoni? Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na nyumbani kwetu neno la Kukhu halikurukwa. Akafunga nusu gunia kwa kamba. Yalikuwa mahindi yetu ya kula.

Nilipanda. Mwanzo ilikwenda vizuri, hata nikaanza kutabasamu. Nilipokata kona penye mteremko, ukingo wa tairi ukabanduka kwenye rimu. Upepo ukatoka wote kwa mkupuo, utomvu ukanirukia machoni, nikaanguka ubavu. Gunia lilipita juu ya kichwa changu, likapiga jiwe la mtaro, likapasuka.

Nilibaki chini nikilitazama lile jiwe. Muhonja alikuwa amesimama langoni na gauni lake la manjano.

Kukhu akaja polepole. Nilingoja aniambie "si nilikuambia?" Hakuniambia. Alipiga magoti vumbini akaanza kuokota mahindi.

"Umeumia?"

"Hapana, Kukhu."

"Basi okota. Kesho utatengeneza tena."

Neno hilo, "tena", ndilo ninalolishukuru kuliko yote. Alikataa haraka yangu. Kazi yangu hakuikataa.

Iguhu tulikwenda kwa miguu, tukacheza isukuti, ngoma ya kwetu, kama wageni wengine. Baadaye tukaongeza mpira mwingine juu ya rimu mpaka tairi ikabana kweli kweli. Nikabeba gunia la udongo kwenye kila mteremko wa mtaa wa Amalemba, na watoto wakanizomea, nami nikazomewa kwa moyo mkunjufu. Siku Kukhu aliposema mwenyewe, "Sasa mpandishe," Muhonja alipanda mbele ya kanisa zima, na kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Kukhu.

Mwanangu, buni. Usiogope kuchekwa na watu wala kuharibu kitu mara mbili tatu. Lakini kitu kipya kisibebe mtu anayekuamini kabla hakijakubeba wewe na mzigo wako. Anayekuamini hataangalia tairi. Anaangalia uso wako tu. Na mzee akikuuliza swali linalokuudhi, lijibu kwanza, ndipo ukasirike. Mwenda pole hajikwai, na akijikwaa haangukii mtu.

Mungu akupe mikono ya kubuni na masikio ya kusikia. Akuwekee karibu mtu wa kukuzuia kwa upendo, na siku utakayoanguka, akupe mtu wa kupiga magoti vumbini pamoja nawe.